Barabara ya Mbamba Bay Isigeuzwe Mtaa

Kilomita 66 za lami kutoka Mbinga mjini, mkoani Ruvuma, hadi Mbamba Bay zimebadili hesabu ya maisha kwa watu wa milimani na wa ziwani. Enzi za barabara ya vumbi, masika yakikolea, magari yalikwama njiani na mizigo ikasubiri jua. Lami hiyo, iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na kukamilika mwanzoni mwa muongo huu, ni kipande cha mwisho cha njia ndefu inayoanzia Bahari ya Hindi pale Mtwara, ikapita Masasi, Tunduru na Songea, ikapanda milima ya Umatengo na kuteremka Ziwa Nyasa, safari ya zaidi ya kilomita 800. Mwaka 2004 Tanzania, Msumbiji, Malawi na Zambia zilitia saini makubaliano ya kuuendeleza ukanda huo wa Mtwara, na sasa Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari inajenga bandari mpya Mbamba Bay. Yote hayo ni mema na yalichelewa. Lakini barabara ikishafunguka, kuna ujenzi mwingine unaoanza wenyewe bila kungoja mkandarasi. Kwanza kinakuja kibanda cha mama ntilie, halafu fremu mbili za maduka, gereji, nyumba ya wageni, kituo cha mafuta. Shamba la kando ya lami linapanda bei kuliko shamba lililo bondeni lenye udongo bora mara mbili. Baada ya miaka kumi au ishirini kijiji kimegusana na kijiji, na kando ya lami umezuka mji mwembamba usio na jina, usio na mpango na usio na mwisho. Hoja yangu ni kwamba ukanda wa Mbinga na Nyasa utakuwa mji wa mstari, tutake tusitake. Lililo mikononi mwetu ni kuamua kama utakuwa mstari wa vituo vilivyotenganishwa na mashamba na misitu, au mtaa mmoja usiokatika kutoka mlimani hadi majini.

Kujenga mji kwa kufuata mstari si wazo geni. Mwaka 1882 Mhispania Arturo Soria y Mata aliandika katika gazeti la Madrid akipendekeza mji mwembamba uliopangwa kandokando ya njia ya tramu. Aliona miji ya zamani ikisongamana, maskini wakibanwa katika vyumba visivyopitisha hewa, na bei ya ardhi ya katikati ikipanda kila mwaka. Jibu lake lilikuwa kuunyoosha mji badala ya kuuzungusha. Barabara kuu ya upana wa mita 40 ingepita katikati ikibeba tramu na mabomba, nyumba zingepangwa kwenye mitaa ya pembeni yenye kina kidogo, na nyuma yake yangeanza mashamba, ili kila mkazi awe karibu na usafiri na karibu na shamba kwa wakati mmoja. Kampuni yake ilianza kujenga mwaka 1894. Alikusudia kuizunguka Madrid kwa makumi ya kilomita, akafanikiwa kujenga takriban kilomita 5, na leo zimemezwa na jiji. Hata hivyo kiini cha wazo lake kilibaki. Yeye alipanga kwanza usafiri wa pamoja, akafuatisha nyumba, kisha akaweka mpaka ambao nyumba hazitauvuka.

Wengi wetu tulilisikia wazo hili upya Januari 2021, Saudi Arabia ilipotangaza mji uitwao The Line, wenye urefu wa kilomita 170, ambao michoro yake ya baadaye ilionyesha upana wa mita 200 na kuta za urefu wa mita 500, wa kukaliwa na watu milioni 9. Mradi huo umepunguzwa sana tangu hapo, na sishangai, kwa sababu ukiwapanga watu wengi kiasi hicho kwenye mstari mmoja, umbali kati ya mtu na mtu unakuwa mrefu kuliko kama wangekaa kwenye duara. Somo linalotufaa zaidi liko Curitiba, kusini mwa Brazili. Kuanzia miaka ya 1970 jiji hilo lilichagua njia chache za mabasi yaendayo haraka na kuruhusu majengo marefu na msongamano wa watu kandokando ya njia hizo peke yake. Kwingineko liliacha nyumba fupi na bustani. Huko basi na kiwanja vilipangwa na ofisi moja, kwa ramani moja. Dar es Salaam ilifanya kinyume. Jiji lilinyooka lenyewe kufuata barabara za Morogoro, Pugu, Kilwa na Bagamoyo kwa miongo mingi, na mabasi ya mwendokasi yakaja mwaka 2016, wakati nafasi ya kuyapitisha ilibidi ipatikane kwa kubomoa.

Ni muhimu basi kutofautisha mji wa mstari na nyumba zilizojipanga barabarani. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30, upande wa mita 20 ukitazama lami. Kilomita moja ya barabara, pande zote mbili, inabeba viwanja 100. Kaya 650 zitahitaji kilomita sita na nusu. Sasa chora duara lenye nusu kipenyo cha mita 500 kuzunguka stendi na soko. Eneo lake ni hekta 78 na ushee. Toa nusu nzima kwa ajili ya mitaa, shule, zahanati, nyumba za ibada, makaburi, uwanja wa mpira na miti, na nusu inayobaki inatosha viwanja 650 vilevile. Katika duara hilo mtoto wa nyumba ya mbali kabisa anatembea nusu kilomita na kitu kwenda shule, kwa njia za mtaani. Katika mtaa wa barabarani, hata shule ikijengwa katikati kabisa, mtoto wa mwisho anatembea zaidi ya kilomita tatu asubuhi na tatu jioni, kwenye ukingo wa barabara kuu, huku malori yakimpita ubavuni. Bomba la maji litavutwa kilomita sita na nusu kuwahudumia watu walewale. Gari la taka, ikiwa litakuwepo, litachoma mafuta umbali huohuo. Na ambaye hakupata kiwanja cha mbele atajenga nyuma ya aliyepata, bila njia ya kufika kwake, kwa kuwa wa mbele wameziba. Uingereza ilipambana na ugonjwa huu mapema, na mwaka 1935 Bunge lake likapitisha sheria mahususi ya kuzuia majengo kujipanga kandokando ya barabara kuu.

Barabara yenyewe nayo inaumia. Sheria yetu ya usalama barabarani inalitaka gari lisizidi kilomita 50 kwa saa katika eneo la makazi. Ni sheria ya haki, maana inaokoa watoto. Lakini fikiria kilomita 66 zote zikiwa makazi. Safari ambayo kwa mwendo wa kilomita 80 ingechukua dakika 50, ukiziweka kando kona za mlimani, inakuwa ya saa moja na dakika 20, ukiacha matuta. Kila kijiji kitadai matuta, na kila kijiji kitakuwa na haki ya kuyadai kwa sababu kitakuwa kimezika watu wake. Basi barabara iliyokopewa fedha ili Malawi ipate njia ya kwenda baharini itageuka mtaa wa mwendo wa bajaji. Anayedhani hilo ni la mbali atazame upande wa pili wa Mbinga, kwenye njia ya Songea, ambako makaa ya mawe ya Ngaka, yaliyoanza kuchimbwa mwaka 2011, yanasafirishwa kwa malori mazito. Lori la makaa na mwanafunzi aliyebeba ndoo hawapaswi kugombea ukingo mmoja wa lami.

Hapa ndipo Umatengo wenyewe una la kutufundisha, na ningependa wapanga miji wa Dodoma walisikilize. Wamatengo waliishi kwa msongamano mkubwa kwenye miteremko mikali bila kuimaliza ardhi, na walifanya hivyo kwa kupanga matumizi kufuata umbo la mlima. Familia pana ilipewa ntambo, yaani kipande cha mlima kilichopo kati ya vijito viwili, kuanzia kilele hadi bondeni. Juu ulibaki msitu unaoshika maji. Chini yake yakawa mashamba ya ngoro, na karibu na nyumba, kwenye mteremko wa kati, kahawa ilipokuja ikapata mahali pake. Bondeni palikuwa na mboga na maji. Ngoro zenyewe ni kazi ya akili. Nyasi zinafyekwa na kulazwa kwa miraba, udongo wa katikati ya mraba unachimbwa na kufunika nyasi hizo, na mlima mzima unakuwa na mashimo yanayomeza mvua badala ya kuiacha ibebe udongo. Maharage yanatangulia, mahindi yanafuata. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani walitumia miaka mingi kuanzia miaka ya 1990 kuuchunguza mfumo huo, na kijiji cha Kindimba kikawa darasa lao. Ntambo ni mpango wa matumizi ya ardhi katika maana kamili, wenye mipaka, majukumu na wa kuulizwa, na uliwahi kuwepo kabla ya ofisi yoyote ya mipango miji.

Barabara ya lami inaukata mpango huo kwa upande. Ntambo inapanga kutoka juu kwenda chini, barabara inapanga kutoka kushoto kwenda kulia. Familia inayouza kipande chake cha kando ya lami inauza shingo ya mteremko wake. Juu ya nyumba mpya ngoro zinaachwa kwa sababu vijana wamehamia biashara, na paa za bati pamoja na viwanja vilivyosafishwa vinamwaga maji ya mvua kwa kasi kwenye mteremko wa chini uliokuwa ukipokea matone. Korongo linaanzia kwenye kalvati, na tope linafika ziwani. Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa jingine lolote duniani, na wengi wao wanaishi na kuzaa kwenye mawe ya karibu na ufuko, mahali ambapo tope likitanda chakula na makazi yao vinaharibika. Kwa hiyo anayejenga bila mpango huko juu Mbinga anagusa chungu cha mvuvi wa ufukweni Liuli hata kama hawajawahi kuonana.

Ufukweni kwenyewe mambo ni mazito zaidi. Watu wa Nyasa wanaweza kusema, na ni kweli, kwamba kwao hakuna mji usio wa mstari: mlima uko mgongoni, maji yako mbele, na kati yake kuna ukanda mwembamba wa kuishi. Kutoka Mbamba Bay kwenda Liuli hadi Lituhi, kwenye mdomo wa mto Ruhuhu, vijiji vimefuata ufuko tangu zamani. Lakini vilifuata mialo, mahali mtumbwi unapoweza kutia nanga na samaki wadogo wa usipa kuanikwa, na kati ya mwalo na mwalo palibaki miamba na vichaka. Ulikuwa mstari wa vituo. Pia ziwa hili halikai mahali pamoja. Tangu mwaka 1915 hadi katikati ya miaka ya 1930 maji yalishuka mno hata mto Shire, mlango pekee wa kutokea, ukawa hauchukui maji ya ziwa. Mwaka 1980 yalipanda kiasi cha kukipita kiwango kile cha chini kwa zaidi ya mita 5. Wazee wa pwani hiyo wanajua maji yanaweza kudai yaliyo yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa kuwa eneo lisiloruhusiwa shughuli za kudumu. Bandari ikianza kazi na wawekezaji wa hoteli wakafika, mita hizo 60 zitakuwa ardhi yenye bei kubwa kuliko zote wilayani Nyasa, na atakayezilinda atahitaji ramani na alama za mipaka zilizosimikwa mapema, kwa sababu sheria iliyo kwenye kabati haisimami mbele ya mwenye fedha.

Kuna pingamizi ambalo nalichukulia kwa uzito. Watu wanafuata barabara kwa sababu maisha yako barabarani. Anayeuza ndizi hawezi kuuza mahali magari hayapiti, na nani ana haki ya kumwambia mkulima asijenge kwenye ardhi ya baba yake? Historia yetu inalipa pingamizi hili nguvu. Mwaka 1973 serikali iliamua kuishi vijijini kuwe lazima, na hadi mwaka 1976 mamilioni walikuwa wamehamishwa. Vijiji vingi vilipangwa kwa safu kandokando ya barabara ili lori la serikali lifike, na mashamba yakabaki mbali. Mstari uliwekwa kwa amri, na kwingi ulivunjika amri ilipolegea. Tena mkoa huuhuu wa Ruvuma ulikuwa umeonyesha njia nyingine kabla yake. Umoja wa vijiji uliokuwa na makao Litowa, Songea, ulikua katika miaka ya 1960 kwa hiari ya wanachama wake, wakaamua wenyewe wapi pajengwe shule na wapi palimwe, hadi uongozi wa TANU ulipouvunja mwaka 1969. Kwa hiyo sidai watu wahamishwe, na yeyote atakayelitafsiri wazo hili kuwa operesheni nyingine ya kuhamisha watu atakuwa amelipotosha. Ninachodai ni kwamba stendi, soko, shule, umeme na maji viwekwe kwa makusudi katika vituo vilivyochaguliwa, kisha viwanja vipimwe nyuma ya vituo hivyo mpaka mita 500 ndani, na barabara za mtaani zifunguliwe. Muuza ndizi hafuati lami, anafuata mahali gari linaposimama. Basi likisimama vituo sita badala ya sitini, biashara itakusanyika vituo sita, na itakuwa biashara nene kuliko meza moja moja zilizotawanyika.

Wengine watasema halmashauri za ukanda huu ni changa, hazina fedha ya kupima wala wataalamu wa kutosha, na kwamba mpango kabambe ni wa majiji. Fedha ni chache kweli. Lakini kutopima nako kuna gharama, na ankara yake huja kubwa. Hifadhi ya barabara kuu kisheria ni mita 60, yaani 30 kila upande, na kila Mtanzania anaijua ile alama nyekundu ya X ukutani. Mwaka 2017, barabara ya Morogoro ilipotakiwa kupanuliwa kati ya Ubungo na Kiluvya, mamia kwa mamia ya nyumba zilivunjwa, zikiwemo za watu waliojenga kwa akiba ya maisha yote. Nguvu ile yote, zege lile lote na machozi yale yangeepukika kwa vigingi vilivyopigwa miaka 30 kabla. Kando ya barabara ya Mbamba Bay bado kuna nafasi ya kupiga vigingi kwa bei ya vigingi. Mkoa wa Ruvuma ulikuwa na watu wasiozidi milioni 1.4 katika sensa ya 2012, na mwaka 2022 walikuwa zaidi ya milioni 1.8. Watu hao wapya watalala mahali fulani, na bandari itavuta wengine.

Ugumu ambao nauona mkubwa kuliko fedha ni kwamba barabara ni moja na wenyewe ni wengi. Halmashauri ya Mji wa Mbinga, Halmashauri ya Wilaya ya Mbinga na Halmashauri ya Wilaya ya Nyasa, ile iliyozaliwa Nyasa ilipopata wilaya yake mwaka 2012, zote zina kipande cha ukanda huu. TANROADS inaangalia lami na hifadhi yake, TARURA barabara za ndani, bodi ya bonde inaangalia maji, bandari ina eneo lake, na vijiji ndivyo vyenye ardhi. Kila mmoja akipanga kipande chake peke yake, mapengo ya mashamba na misitu kati ya kituo na kituo hayatakuwa na mtetezi, kwa kuwa pengo liko mpakani na mpaka hauna mwenyewe. Mapengo hayo ndiyo moyo wa jambo zima. Bila hayo vituo vinaungana, na hatubaki na lolote ila ule mtaa wa kilomita 66. Yanahitaji kuandikwa kwa majina: bonde hili ni la maji, mteremko huu ni wa ngoro na kahawa, kilele hiki ni cha msitu wa kijiji, na hapa hakuna kiwanja kitakachouzwa hata na mwenyekiti.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na ile ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 zimeliweka jambo hili mikononi mwa mkutano mkuu wa kijiji. Mpango wa matumizi bora ya ardhi haupiti bila mkutano huo kuukubali. Kwa hiyo, msomaji wa Mbinga na wa Nyasa, kabla bandari haijafunguliwa na bei ya ardhi haijapanda tena, nenda kwenye mkutano wa kijiji chako uulize mpango huo uko wapi. Kama upo, omba ubandikwe ukutani kila mtu auone, na angalia kama umeonyesha kituo kinaishia wapi na shamba linaanzia wapi. Kama haupo, dai uandaliwe, na madiwani wa halmashauri zote tatu wakae meza moja kuuunganisha na mipango ya jirani. Wazee wanaojua mipaka ya ntambo zao wapo bado, na maarifa yao yaingizwe kwenye ramani hiyo sasa.